Prefe Aliyefunga Hodi

Vuta kiti, wewe unayenisikiliza, wala usikiogope kisanduku hicho chenye taa za kijani. Hakiumi. Mimi pia nilikiogopa siku ya kwanza, mpaka mtu mmoja aliponionyesha kwamba ni nyumba tu yenye milango mingi. Kazi hii ya kuchagua pakiti zipi zipite mlango upi siwezi kukufundisha bila kumtaja yeye. Kila ninapoweka amri kwenye mlango, namsikia akikohoa nyuma yangu.

Tulimwita Prefe kwa sababu alikuwa prefe, mkuu wa shule ya sekondari, na kwetu Bukavu mtu akishakuwa prefe haachi kuwa prefe. Shule yake ilikuwa imekaliwa na wanajeshi. Madawati yaligeuka kuni, na maabara yake ya fizikia ikawa ghala la risasi. Yeye alitoka na koti lake, tai yake na boksi la chaki, akaja kwenye ofisi ya kanisa kule kilimani, ambako mimi nilikuwa karani wa kuchapa. Kanisa lilikuwa limepata sahani kubwa ya kunasa setilaiti, na hakuna aliyejua kuiendesha. Prefe aliizunguka, akaigonga kwa kidole kama mtu anayechagua chungu sokoni, akasikiliza, kisha akasema, "Hii inataka mwalimu wa fizikia. Na miye sina tena darasa."

Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya Kongo. Bukavu ilikuwa upande mmoja, Kinshasa upande mwingine, na katikati ulikuwapo mstari wa mapigano ambao barua haikuuvuka. Lakini maneno yaliyoingia kwenye sahani yetu yalipanda juu, yakashuka Ulaya, na kutoka huko yakapanda tena na kushuka Kinshasa. Watu walikuja ofisini asubuhi, wakakaa kwenye benchi wakingoja zamu, wakaniambia maneno ya kuwapelekea ndugu zao: bado tuko, bibi ametuacha, mtoto ameota meno. Mimi nilichapa. Prefe, katika chumba cha pembeni, alihakikisha maneno yanapita.

Sahani ile ililisha wengine pia: maktaba ya chuo, hospitali, na shirika moja la kugawa mbegu. Antena ndogo zilitazamana juu ya mji, kutoka paa hadi paa, na njia kati yake ilikuwa nyembamba kama njia ya mbuzi. Zote zilimalizikia kwenye kisanduku kimoja chumbani mwa Prefe, kila ofisi na mlango wake.

Nikueleze kama alivyonieleza. Mashine haitumi barua nzima. Inaikata vipande, na kila kipande ni pakiti. Kila pakiti ina alama usoni inayosema ni ya aina gani, kama vile unavyomtambua mwanafunzi wa shule fulani kwa sare. Kisanduku hakisomi barua yako. Kinatazama sare tu. Na mwenye kisanduku anaweza kukiamuru, mlango kwa mlango: sare hii ipite, sare hii irudi nyumbani.

"Kumbe ni kama langoni pa shule," nilimwambia.

"Sasa umeanza kusoma," akanijibu, na siku nzima alikuwa na furaha.

Alifundisha hata asipoombwa. Ukimpelekea chai, utaondoka umejua kwa nini kikombe cha bati kinaunguza mdomo kuliko cha udongo. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa na tabia ya kusuguana, kama vinavyotoa vumbi la chaki, hata katikati ya sala. Hesabu alizisema kwa Kifaransa. Sababu za mambo alizieleza kwa Kiswahili. Na alipoigombeza mashine alitumia Kimashi, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yako. Mara moja padri alipita dirishani wakati huo, akauliza Prefe anaongea na nani. Nikasema anasali.

Msimu wa mvua alivaa koti, tai na buti za plastiki za shambani, na hakuona ajabu. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alipiga mluzi wa nyimbo za kanisa akipotoa kila noti. Ndiye yule yule aliyechukia kelele kuliko mtu yeyote niliyemjua.

Juu ya kila mlango wa kisanduku aliandika kwa chaki. Vitabu vya kazi vinataka namba. Yeye aliandika majina ya watu: Docta, Papa Mbegu, Maman Maktaba. Nilimwuliza sababu. Akasema ukiandika namba utafunga namba bila kufikiri, lakini ukiandika mtu, mkono utasita kidogo kabla ya kufunga. Mpaka leo naandika majina, na nakushauri ufanye hivyo.

Maman Maktaba ndiye aliyemletea vita vyake vidogo. Alikuwa mama mnene mwenye miwani, mlinzi wa vitabu vya chuo, na mtandao ulipokuwa mzito yeye ndiye alikuwa wa kwanza kupanda kilima kulalamika. Siku moja Prefe alimwonyesha taa za kisanduku. Zote zilikuwa zinapepesa kama macho yenye vumbi. Akachomoa waya wa mlango wa maktaba, na taa za wengine zikatulia.

"Machine yangu iko kimya, Papa Prefe," Maman Maktaba akajitetea. "Haisemake na mutu."

Prefe alimweleza polepole. Printa yake ya zamani na kompyuta zake za zamani zilikuwa za kizazi ambacho kila chombo kilijitangaza: mimi ni printa, niko hapa, mimi ni printa, bado niko hapa. Matangazo hayo yalikuwa pakiti pia, yakimwendea kila mtu katika kila ofisi, hata hospitalini ambako hakuna aliyetaka kujua habari za printa ya maktaba. Njia ya mbuzi ilijaa wapiga debe, na barua zikakosa pa kukanyaga.

Maman Maktaba alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaipangusa. "Basi ni ya kwangu njo Radio Trotwa ya mji muzima," akasema, njo yetu ikiwa ni ndiyo, na hata Prefe alicheka. Tangu siku ile printa ya maktaba iliitwa Radio Trotwa, kama tunavyouita uvumi wa mitaani. Prefe aliweka amri kwenye mlango wake: sare ya matangazo yale irudi. Mtandao ukapumua.

Usidhani alikuwa mtu wa kuonea watu kwa elimu yake. Alikosea mara nyingi, na alipokosea alikubali polepole sana, kama mtu anayevua koti lililolowa. Lakini hofu yake aliificha vizuri. Siku moja alikuja afande, mkubwa wa kambi iliyokuwa shuleni kwake, akitaka kujua kama kwa sahani hii mtu anaweza kuongea na Kinshasa. Wote tulijua jibu baya lingetufikisha wapi. Wakati ule kuongea na Kinshasa kulikuwa kuongea na adui, na benchi letu asubuhi ile lilikuwa limejaa akina mama wenye ndugu huko.

Prefe akamkaribisha kiti. Akatoa chaki, akapiga magoti sakafuni, akaanza kumfundisha. Alianza na sauti, akaenda kwenye mawimbi ya ziwa, akafika kwenye mwanga, akachora dunia, akaizungusha. Kila baada ya muda alisimama akamwuliza afande kama amefuata, na kama amefuata arudie. Nilimwona yule mtu mkubwa mwenye bastola akitazama chini kama mwanafunzi ambaye hakufanya zoezi la nyumbani. Asubuhi iliisha wakiwa bado hawajafika kwenye sahani.

"Papa, uko na maloba mingi," afande alisema mwishoni, akisimama. Maloba ni maneno, kwa Kilingala cha askari. "Nitarudia siku ingine."

Hakurudi. Gari lake lilipoteremka kilima, Prefe aliketi juu ya betri kubwa ya mitambo, akalegeza tai yake. Nilimletea maji. Akaniambia katika shule yake nzima hajawahi kupata mwanafunzi msikivu kama yule.

Sasa nyumba yake. Prefe, ambaye kazini alifunga milango kwa aina na kwa jina, nyumbani hakufunga mlango. Jiwe liliuzuia usijifunge, na jiwe lile lilikaa hapo mpaka likachimba shimo lake. Majirani walimsihi, maana siku hizo mtu aliingiliwa nyumbani hata mchana. Yeye alisema mwizi hupenda mlango uliofungwa kwa sababu unamwambia ndani mna kitu. Ulio wazi unampa wasiwasi. Sijui kama ni kweli. Najua tu kwamba ulipopiga hodi, karibu ilitoka ndani kabla hujamaliza neno, na ilitoka kwa sauti yake, si ya mtoto wala ya mtumishi. Alisema hodi ni haki ya mgeni na karibu ni deni la mwenye nyumba.

Lakini ndani ya nyumba hiyo ya wazi mlikuwa na chumba kimoja chenye kufuli. Kilikuwa cha binti yake.

Habari hii sikuipata kwake. Niliipata kwa mkewe, Maman Prefe, ambaye alikuja ofisini kama wengine, akakaa kwenye benchi kama wengine, na zamu yake ilipofika akaniambia maneno ya kumpelekea binti huyo Kinshasa. Binti alikuwa ameondoka muda mfupi kabla ya njia kukatwa. Baba alitaka abaki afundishe shuleni kwake. Yeye alitaka kusomea uuguzi, na alijua akiaga atazuiwa, kwa hiyo alipanda ndege bila kuaga. Prefe alipopata habari alikwenda kununua kufuli. Hakutukana, hakulia. Alisema tu kwamba kwao mkubwa hapigi hodi kwa mtoto. Aliyetoka bila kuaga atarudi kwa kupiga hodi, na hodi hiyo ampigie yeye.

Kisha vita vikafunga njia, na kiburi cha watu wawili kikawa na nchi nzima katikati.

Nilichapa barua za mama huyo muda wote wa vita. Binti alijibu, kwa mama yake tu. Alieleza masomo, bei ya mkate, malaria. Mwisho aliandika kila mara, "Salimia nyumba." Hakuandika kamwe, "Salimia papa." Mimi nilimsomea mama kwa sauti, na katika chumba cha pembeni mluzi ulikoma.

"Soma kwa nguvu kidogo," Maman Prefe alininong'oneza siku moja. "Anajifanya hasikie, lakini masikio yote iko huku."

Nikasoma kwa nguvu. Nilipofika "salimia nyumba", nilisikia koili ya waya ikiwekwa chini taratibu. Baadaye Prefe alipita mezani pangu, akauliza barua za leo zilikwendaje, kama aulizaye hali ya hewa. Nikasema zimekwenda vizuri. Akasema, "Kinshasa wako sawa?" Nikasema wako sawa. Akasugua vidole, akarudi kwenye mashine zake. Watu walikuwa wanakufa siku hizo bila taarifa, huku na kule, na kila nilipomwona akirudi chumbani nilijiuliza ni nani kati ya wale wawili atakayetangulia kufa kabla hawajasemezana.

Nisikilize vizuri hapa, maana ndipo penye somo lako pia.

Alasiri moja mtandao ulikuwa mzito kupita kawaida. Baada ya kumnyamazisha Radio Trotwa, Prefe aligundua vyombo vingine vingi vyenye tabia ile ile, kila ofisi na vyake, kila kimoja na sare yake ya kigeni. Alichoka kufukuza aina moja moja. Akasema leo ataigeuza amri. Badala ya kutaja zipi zisipite, atataja moja tu ya kupita, ile pakiti ya kawaida inayobeba barua, na nyingine zote zirudi. Milango yote. Wazo lenyewe ni zuri, na wewe utalitumia. Aliandika amri ile, akabonyeza, na taa zikatulia kama ziwa asubuhi. Nikajaribu kutuma barua, ikaruka. Hospitali ikatuma, ikaruka. Prefe akanishika mkono kama watu waliomaliza mtihani wa serikali.

"Kimya," alisema. "Sikiliza ile kimya."

Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa kisiwa cha Idjwi, ziwani. Tukafunga ofisi, tukateremka kila mtu kwake.

Alfajiri risasi zilianza mjini. Nani alimpiga nani sikuelezi, wengi wameeleza. Tulikaa ndani, tumelala sakafuni, siku moja ikazaa nyingine. Hakuna aliyepanda kilimani. Mji ulipotulia, Prefe alinipitia nyumbani, tukaenda pamoja, yeye mbele na buti zake. Sahani ilikuwa nzima. Mlinzi alikuwa mzima. Prefe aliwasha jenereta, akawasha vyombo, kimoja baada ya kingine, taa zote za kijani. Nikajaribu kuchukua barua, na hakuna kilichokuja. Nikajaribu kutuma, na hakuna kilichotoka. Kompyuta yangu ilikaa kama mtu aliye peke yake duniani.

Prefe alikagua waya. Akapanda juu ya paa, akashuka. Akakaa mbele ya kisanduku. Kisha nikaona vidole vyake vimeacha kusuguana.

Kumbe kuna pakiti nyingine, ndogo sana, ambayo haibebi barua ya mtu. Mashine ikitaka kuongea na mwenzake, kwanza inauliza wote: nani mwenye anwani hii? Na mwenye anwani anajibu: ni mimi, niko hapa. Basi. Ni hodi na karibu ya mashine. Ina sare yake peke yake, na Prefe alipoamuru nyingine zote zirudi, aliirudisha na hiyo pamoja na wapiga debe. Kwa nini basi barua ziliruka alasiri ile? Kwa sababu mashine zilikuwa zimekwisha kupigiana hodi kabla, na zilikuwa bado zinakumbukana. Mashine inamkumbuka mwenzake kwa muda mfupi, kisha inamsahau, na ni lazima iulize upya. Tulipokuwa tunateremka kilima kwa furaha, ndipo zilipokuwa zinasahauliana. Zikaita, na mlango ukarudisha mwito. Wakati risasi zinaanza, mtandao ulikuwa umekwisha kufa, na hakuna risasi iliyougusa.

"Nimefunga hodi," Prefe akasema. Alilisema taratibu, na kwa Kiswahili, lugha yake ya sababu. "Miye mwenyewe. Nimefunga hodi."

Akaongeza sare ile kwenye amri, ipite, milango yote. Taa moja ikapepesa, kisha nyingine. Na barua zikaanza kuingia, zile zote zilizokuwa zikisubiri Ulaya siku zote tulipokuwa tumelala sakafuni. Niliona jina la binti, kisha tena, kisha tena. Ya kwanza ilisema, "Mama, huku redio inasema Bukavu iko mubaya. Muko?" Iliyofuata ilisema, "Mama, jibu hata neno moja." Ziliendelea hivyo, kila moja fupi kuliko iliyotangulia, maana mtu anayeita bila kuitikiwa hupunguza maneno. Ya mwisho haikumtaja mama.

Sikumsomea Prefe. Nilisimama nikampisha kiti.

Ilikuwa imeandikwa, "Papa, ni miye. Uko?"

Aliisoma akiwa amesimama, mkono juu ya meza. Ile hodi aliyoingoja tangu kufuli lile ilikuwa imepigwa, na yeye ndiye alikuwa ameamuru irudishwe. Kwa siku zote zile binti alikuwa Kinshasa akiamini kwamba wazazi wake wamekufa. Prefe aliketi. Alichapa kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi, mwalimu mwenye maloba mingi, na nilimwona akifuta sana na kubakiza kidogo. Alichotuma ni hiki: "Niko. Mama iko. Miye njo nilifunga mulango. Iko wazi. Karibu."

Siku nyingine zote, kitu kikishafanya kazi, yeye aliondoka. Siku ile hakuondoka. Maman Prefe alifika na thermosi, maana habari za mji mtulivu zilikuwa zimeenea, akamwona mumewe ameketi mezani pangu, akaelewa bila kuuliza. Akamimina chai. Tukanywa watatu, tukitazama kioo cha kompyuta. Vikombe vilikuwa vimebaki na majani ya chini jibu lilipoingia. Maneno mawili tu: "Nimekaribia, papa."

Maman Prefe alinirudishia kikombe changu kikiwa kimejaa tena. Alikuwa anamimina bila kutazama.

Jioni ile kufuli liliondoka kwenye kile chumba. Sikuliona likiondolewa. Niliona tu, nilipokwenda kuwasalimu, kwamba mlango huo pia umewekewa jiwe.

Vita viliisha kama vilivyoisha, si vyote wala si mara moja, lakini njia zilifunguka. Mimi niliendelea na kazi hii, nikaanza kuifundisha. Prefe na mkewe walirudi kijijini Mudaka kulima maharagwe na ndizi, na nilisikia Maman Prefe amefariki huko. Ilinichukua muda kwenda kumwona Prefe. Unajua tunavyosema, nitakwenda wiki ijayo.

Nilimkuta kwenye kiti mbele ya nyumba, tai shingoni, buti miguuni. Mlango ulikuwa wazi, jiwe mahali pake. Nikapiga hodi.

"Karibu," akasema kabla sijamaliza. Kisha akanitazama muda mrefu kwa adabu. "Wa shule gani?"

Nikamwambia ni mimi, karani wa kuchapa, wa ofisi ya kanisa. Akatabasamu kama mtu anayetaka kukusaidia usione aibu. Hakunijua.

Binti yake alitoka ndani akipangusa mikono. Alikuwa muuguzi sasa, wa kituo cha afya cha hapo hapo, mrefu na mwembamba kama baba. Aliniketisha, akanieleza kwa sauti ya kawaida, mbele ya mzee, bila kunong'ona. Kila asubuhi anapiga hodi kwenye mlango wa chumba cha baba. Anasema jina lake, anasema ni mtoto wake. Mzee anasema karibu, na anamjua, na wanaongea vizuri. Mchana anakuwa amesahau. Anapiga tena.

Nilimwuliza kama hachoki.

"Dada," akaniambia, "ile wakati ya vita niliita siku nyingi, hakuna mwenye kuitika. Leo naita, anaitika. Nitachoka na nini?"

Tulikunywa chai. Nilimsimulia mzee habari za wanafunzi wangu, jinsi wanavyoogopa kisanduku, jinsi ninavyoandika majina ya watu kwa chaki. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi ya mbali. Kisha nikaona vidole vyake vya mkono wa kulia vimeanza kusuguana.

"Umeruhusu hodi?" akaniuliza.

"Nimeruhusu, Prefe."

"Kwanza kabla ya yote?"

"Kwanza kabla ya yote."

Akafikiri. Akatazama ndani ya kikombe changu. "Maliza chai," akasema. "Kisha ujaribu tena."

Basi sasa sogea kwenye kisanduku chako. Chukua mlango mmoja, uandike juu yake jina la mtu anayeutumia. Katika amri za mlango huo ruhusu kwanza pakiti za hodi, kisha pakiti za kawaida zinazobeba barua, na mwisho kabisa rudisha zilizobaki. Jaribu kutuma kitu. Kikipita, usishangilie na usiondoke. Weka maji jikoni, pika chai, kaa uinywe taratibu mpaka mashine ziwe zimesahauliana. Kikombe kikiisha, jaribu tena. Ukiitikiwa, hapo ndipo unaweza kwenda nyumbani.